Roboti ikigonga ukuta, ndipo somo linapoanza

Kigari kilikuwa sakafuni, mwisho wa darasa, kikiutazama ukuta. Magurudumu mawili ya njano, betri nne za redio zilizofungwa kwa mpira, kipande cha plaiwudi cha kubebea vyote hivyo, na mbele vitu viwili vya duara vinavyofanana na macho. Wanafunzi wanne wa darasa la sita walikuwa wamekiagiza kisimame sentimita 20 kabla ya ukuta. Wakakiwasha. Kikaenda, kikasimama. Wakaweka rula: sentimita 10, pungufu kidogo. Wakarudia mara ya pili, mara ya tatu, pale pale. Mmoja akaniita: "Mwalimu, hiki kibovu."

Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinatii walichokiambia, neno kwa neno, na kosa lilikuwa kwenye maneno yenyewe. Yale macho ni kihisi cha sauti. Duara moja linatoa mlio, jingine linasikiliza mwangwi. Mlio huo unatetemeka mara 40,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi, ndiyo maana darasa zima halikusikia kitu. Popo anakwepa nguzo gizani kwa njia hiyo hiyo. Kompyuta ndogo iliyo mgongoni mwa kigari inapima muda tangu mlio utoke mpaka mwangwi urudi, kisha inauzidisha kwa kasi ya sauti hewani, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde. Wanafunzi ndio walioandika programu ya kuzidisha. Kuzidisha kulikuwa sahihi.

Ningeweza kuwatajia kosa hapo hapo, na ningekuwa nimewaibia somo. Niliwauliza tu kigari kimekosea kwa kiasi gani. "Nusu," akasema msichana aliyeshika rula. Kwa nini nusu? Kwa nini isiwe robo, au leo hivi na kesho vile? Wakanyamaza. Kisha yule msichana akaunyoosha mkono kuelekea ukutani, akaurudisha kifuani, akaunyoosha tena, akaurudisha. "Inaenda, halafu inarudi," akasema. "Sisi tumehesabu kwenda na kurudi." Wakaongeza mstari mmoja kwenye programu: gawanya kwa mbili. Kigari kikasimama karibu kabisa na pale walipotaka.

Dakika kumi hizo ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu habari ya roboti mashuleni imetatana kama uzi. Wazazi wengine wanaona ni mchezo wa watoto wa shule za kulipia. Walimu wengine wanaona ni mzigo mwingine juu ya mizigo waliyonayo. Wapo pia wafadhili wanaoamini kwamba boksi la vifaa likishushwa shuleni, sayansi imeshafika. Kila mmoja ameshika ncha yake ya uzi.

Roboti ni nini hasa

Ondoa kwanza picha ya mtu wa chuma mwenye kichwa na mikono. Mashine inastahili kuitwa roboti pale inapohisi jambo, ikaamua, ikatenda, kisha ikahisi tena. Gari la kuchezea la rimoti halimo, kwa sababu anayeona na kuamua ni mtoto aliyeshika rimoti. Boya la tangi la maji limekaribia zaidi: linahisi maji yamepanda, linafunga bomba bila mtu kuamka usiku. Kinachokosekana kwenye boya ni ile sehemu ya katikati ya kuamua, ambayo unaweza kuibadilisha nia bila kubomoa kifaa. Ukitaka tangi lijae nusu tu, itabidi upinde chuma. Kwenye roboti unabadilisha namba moja.

Sehemu hiyo ya katikati, kwenye roboti za shule, ni kompyuta nzima iliyobanwa kwenye kibao kimoja cha saketi. Kinachojulikana zaidi ni Arduino, kilichoanzia mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, kikikusudiwa watu wa usanifu ambao hawakusomea umeme. Kile kiitwacho Arduino Uno, katika toleo lake lililozoeleka, kina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 peke yake. Picha moja ya simu yako isingeenea humo hata ncha, lakini kigari kinachosimama mbele ya ukuta hakihitaji zaidi. Uingereza nayo, mwaka 2016, kupitia BBC, iligawa karibu vibao milioni moja vya micro:bit kwa watoto wa miaka 11 na 12. Hicho kina taa ndogo 25, vitufe viwili na kihisi cha mwendo, na ukubwa wake ni nusu ya kadi ya benki.

Kuhusu programu, mtoto haanzi kwa kuandika mistari ya alama zisizosomeka. Kuna Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambamo amri ni vipande vya rangi vinavyopachikana kama matofali. Inafanya kazi hata bila intaneti ukishaiweka kwenye kompyuta, na menyu yake ya lugha ina Kiswahili. Jambo hilo la mwisho nalisema kwa msisitizo, kwa sababu walimu kadhaa niliokutana nao walikuwa wameitumia kwa Kiingereza mwaka mzima wakidhani hakuna njia nyingine.

Hesabu iliyofichwa kwenye gurudumu

Sasa twende kwenye kiini, yaani sayansi na hisabati zinaingilia wapi. Chukua lile gurudumu la njano. Kipenyo chake ni sentimita 6.5. Zidisha kwa 3.14, mzingo ni sentimita 20.4. Kwa hiyo likizunguka mara moja, kigari kimesogea sentimita 20.4, na ili kiende mita moja linahitaji karibu mizunguko mitano. Hapo mtoto wa darasa la sita yuko nyumbani.

Mwambie sasa akigeuze kigari pembe mraba, nyuzi 90, papo hapo kiliposimama. Gurudumu moja liende mbele, jingine lirudi nyuma. Umbali kati ya magurudumu hayo mawili kwenye kigari chetu ni sentimita 13. Kila gurudumu litakuwa linachora duara lisiloonekana lenye kipenyo cha sentimita 13, mzingo wake 40.8. Pembe mraba ni robo ya duara, basi gurudumu linatakiwa kusafiri sentimita 10.2. Na 10.2 ni nusu kamili ya 20.4. Nusu mzunguko! Nimeona watoto wakifika kwenye jibu hilo wakaruka juu, na siwalaumu, kwa sababu duara la kwenye ubao limekutana na duara la sakafuni na yote mawili yamekubaliana.

Furaha hiyo hudumu mpaka wawashe. Mota hizi za bei nafuu hazijihesabii mizunguko, kwa hiyo unazitawala kwa muda. Kikundi kimoja kilipima: kigari kilikwenda mita 2 kwa sekunde 5, yaani sentimita 40 kila sekunde. Basi sentimita 10.2 zitachukua robo sekunde. Wakaandika 0.25, wakawasha. Kigari kikajitikisa, kikageuka kidogo, hata nusu ya pembe mraba hakikufika.

Walikagua hesabu mara nne. Haikuwa na kosa. Ubishi ukawa mkali: mmoja akasema betri, mwingine akasema saruji imejaa vumbi. Nikawauliza daladala likiondoka kituoni, abiria aliyesimama bila kushika bomba hupatwa na nini. Wakacheka, wote wanajua. Kitu kilichotulia hakiondoki kwa mwendo wake kamili mara moja. Kinavutana kwanza na utulivu wake. Ile sentimita 40 kwa sekunde ni mwendo wa kigari kilichokwisha kuchanganya. Katika robo sekunde ya kwanza kigari bado kinaondoka kituoni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Newton, ambayo wengi wetu tuliikariri sekondari kama sala na hatukuwahi kukutana nayo uso kwa uso.

Wakaanza kupandisha: 0.30, kidogo, 0.35, karibu, 0.40, imepita. Wakaishia kwenye 0.38 na kuiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu kama hazina. Kisha wakakihamishia kigari kwenye vigae vya ofisi ya walimu, na 0.38 ikagoma, kwa kuwa msuguano ni mwingine.

Tazama kilichotokea humo ndani. Mzingo, uwiano, kasi, desimali, msuguano, ukaidi wa kitu kilichotulia, vyote viliingia bila kuitwa, na viliingia kwa sababu vilihitajika. Darasani kwa kawaida tunafundisha mzingo wiki hii na kasi muhula ujao, na mtoto anakua akidhani hayo ni makabati mawili.

Lakini kilicho kizito zaidi, kwa maoni yangu, ni namna kosa linavyobadilika sura. Kwenye daftari la mazoezi kosa ni alama nyekundu inayorudi siku mbili baadaye, ikiwa imetoka kwa mtu mzima, na mtoto haoni uhusiano wake na alichokuwa akiwaza. Kwenye sakafu kosa linatokea papo hapo, mbele ya macho, na halijasemwa na mtu. Ukuta hauna hasira. Mtoto hajitetei mbele ya ukuta, hajifichi, wala hanakili kwa jirani. Anarudi kwenye programu. Nimewaona watoto ambao kwenye somo la hisabati hukaa nyuma kabisa wakijaribu jambo moja mara kumi na tano, na sijui zoezi la ubaoni ambalo mtoto huyo angelirudia hata mara tatu.

Kobe wa Papert

Wazo hili lina mwenyewe, na kwa kweli ni mtu wa bara letu. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Utotoni alipenda giya za magari, akizizungusha kichwani, na baadaye alieleza kwamba giya hizo ndizo zilizofanya milinganyo ya hisabati imwingie kirahisi. Alisoma hisabati, akafanya kazi Geneva na Jean Piaget, aliyechunguza namna watoto wanavyojijengea maarifa, kisha akaenda Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo. Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba, na kuwapa watoto ilionekana ni wendawazimu.

Logo ikapata mwili: roboti ya duara iliyotambaa sakafuni ikiwa na kalamu tumboni, wakaiita kobe. Mwambie kobe mbele 100, kulia 90, rudia mara nne, anachora mraba. Kisha mpe mtoto kazi ya pembetatu yenye pande sawa. Mtoto anajua pembe zake ni nyuzi 60, anaandika kulia 60, na kobe anachora mistari mitatu isiyokutana. Akiendelea hadi sita anapata umbo la pande sita. Kwa nini? Papert alikuwa na jibu moja zuri mno: simama, kuwa kobe, tembea. Mtoto akitembea anagundua kwamba pembe ya ndani ya umbo siyo pembe anayogeuka yeye akifika kwenye kona. Akifika anageuka 120, na akizunguka umbo lolote lililofungwa, lisilojikata, akarudi alikoanza akitazama kama mwanzo, miguu yake imegeuka jumla ya nyuzi 360. Mwili unaijua jiometri hiyo kabla ya ulimi.

Zoezi hilo, angalia, halikuhitaji umeme. Chaki na uwanja vinatosha.

Mikono peke yake haisomi

Sasa niseme upande ambao wapenzi wa roboti hawapendi kuusema, na mimi ni mmoja wao. Mtoto anaweza kushika vifaa mwaka mzima na asijifunze kitu.

Nimeona darasa ambamo vifaa vya gharama vilikuja na kitabu cha picha. Watoto wakafuata picha ya kwanza hadi ya mwisho, roboti ikatembea, wageni wakapiga makofi, picha zikapigwa, roboti ikabomolewa na kurudishwa boksini. Nilimuuliza mvulana mmoja kwa nini giya ndogo imewekwa upande wa mota na kubwa upande wa gurudumu. Akaniambia, "Ndivyo ilivyochorwa." Alikuwa amefuata ramani kwa uaminifu, kama mtu anayeunganisha kitanda. Laiti mtu mmoja angembadilishia hizo giya nafasi, akaona kigari kinashindwa kupanda ubao ulioinama, angekuwa na la kusema kuhusu kasi inayouzwa ili kununua nguvu.

Utafiti nao unatuonya. Katikati ya miaka ya 1980 Roy Pea na Midian Kurland waliwafuatilia watoto New York waliosoma Logo kwa mwaka. Walitarajia kuwakuta hodari zaidi wa kupanga kazi nyingine zisizo za kompyuta. Hawakuwakuta. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba kumwachia mgeni wa somo ajigundulie kila kitu bila mwongozo humlemea, kwa kuwa akili inajaa vitu vingi kwa wakati mmoja na hakuna kinachokaa. Nadhani wako sahihi kuhusu wageni wa somo. Mtoto aliye na waya nane mkononi, programu asiyoielewa na swali lisilo na kichwa, hajifunzi, anazama.

Upande wa pili kuna uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati vyuo vikuu. Kwenye mihadhara mitupu wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8, pale wanafunzi walipopewa shughuli za kufanya, asilimia 21.8. Hao ni watu wazima, na shughuli nyingi humo zilikuwa maswali, mijadala na kazi za vikundi, hakuna cha mota wala magurudumu. Kwangu hilo ndilo linalofungua fundo kubwa kuliko yote. Kinachofundisha ni mtu kulazimika kukisia, kujaribu na kueleza. Roboti ni njia moja nzuri ya kumlazimisha kwa furaha, na ikiwa haimlazimishi, ni pambo.

Kwa hiyo mwalimu hatoweki, anabadilisha kazi. Kabla ya swichi kuwashwa, kila mtoto aandike kigari kitafika wapi, hata kama anabahatisha, maana bila makisio hakuna mshangao, na bila mshangao hakuna swali. Wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha betri na programu pamoja kisha kigari kikapona, hujajua dawa ni ipi. Waandike kila jaribio, lililofeli kwa uzuri ule ule wa lililofaulu. Na mwisho mtu mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe, wenzake wakimbana. Dakika kumi za maelezo hayo zina thamani kuliko saa nzima ya kuunganisha, na ndizo zinazokatwa kwanza kengele ikikaribia.

Kuhusu mwalimu kutojua roboti: inatosha awe mbele yao kwa hatua moja, na awe tayari kusema "hata mimi sijui, tupime."

Spea zipo, ziko kwa fundi redio

Watoto wetu hawakungoja boksi kutoka ng'ambo. Kabla ya neno roboti kufika kijijini kulikuwa na gari la waya lenye usukani mrefu, lori la kopo la mafuta, magurudumu ya visoda au ya ndala kuukuu zilizokatwa duara. Mtoto anayetengeneza gari la waya linalokata kona kwa usukani ameshatatua tatizo la uhandisi, na mara nyingi tumemwita mtundu na kumwambia akasome.

Nenda kwa fundi redio wa mtaani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi au soko lolote la karibu nawe. Mashine ya DVD iliyokufa ina mota mbili au tatu nzima, giya za plastiki na swichi. Simu ya vitufe iliyokufa ina mota ndogo ya mtetemo, na hiyo ni somo zima. Ichunguze: ncha ya mhimili wake ina kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Kikizunguka kinaivuta simu huku na huku, ndio mtetemo. Ibandike juu ya kichwa cha mswaki kilichokatwa, weka betri ndogo ya saa ya volti 1.5, na mswaki unakimbia mezani kama mende. Kwa maana kamili si roboti, kwa kuwa hauhisi wala kuamua, lakini waulize watoto kwa nini mmoja unakwenda mbele na mwingine unazunguka mahali pamoja, na utapata mchana mzima wa majaribio kuhusu uzito na mwegamo wa nyuzi za mswaki. Onyo moja: betri bapa ya simu usiwape watoto waifungue wala kuitoboa. Inaweza kuwaka moto.

Na kama hakuna hata spea, cheza roboti ya mtu. Mtoto mmoja afungwe macho kwa kanga, mwingine aandike amri kwenye karatasi, hatua ngapi, ageuke wapi, na wa tatu azisome bila kuongeza neno. Roboti itagonga mwembe. Hapo wataelewa kwa nini "nenda kidogo" si amri.

Shule inayopanga kununua vifaa ijue jambo moja. LEGO, watengenezaji wa vichezeo, walianza kuuza roboti zao za Mindstorms mwaka 1998, zikasambaa dunia nzima, na mwishoni mwa 2022 wakasitisha. Shule iliyojenga kila kitu juu ya vifaa hivyo hulazimika kutafuta spea za kitu kisichotengenezwa tena. Mchoro wa Arduino uko wazi kwa yeyote kuutengeneza, ndiyo maana vibao vyake vya bei nafuu vimejaa madukani. Kikiungua kimoja, unanunua hicho kimoja.

Nani anashika bisibisi

Darasa la watoto sabini haliwezi kukizunguka kigari kimoja. Nimejaribu, ni vurugu. Kinachowezekana ni vikundi vya wanne, vikundi vitatu vikiwa sakafuni huku wengine wakifanya hesabu za kigari hicho hicho madaftarini au wakichora pembetatu za kobe uwanjani, kisha wanabadilishana. Ndani ya kikundi kila mtu awe na kazi yake: mmoja programu, mmoja waya na bisibisi, mmoja vipimo, mmoja daftari. Na kazi hizo zizunguke kila kipindi, kwa amri ya mwalimu.

Nasema kwa amri kwa sababu ukiwaachia wajipange, mvulana anashika bisibisi na msichana anapewa daftari, kwa kuwa "ana mwandiko mzuri". Nimeliona kila mara, katika kila shule, na linatokea katika dakika mbili za kwanza. Msichana aliyeandika vipimo vya wengine kwa muhula mzima anatoka na daftari safi, na mikono yake haijawahi kusikia mota ikikwama.

Mitaala imeanza kuufungua mlango huu. Kenya, katika mtaala wa umilisi, iliidhinisha mwaka 2022 silabasi ya kufundisha uandishi wa programu shuleni. Tanzania ilianza Januari 2024 kutekeleza mtaala wake mpya, ambao nao umesimama juu ya umahiri. Maneno hayo mawili, umilisi na umahiri, yanadai kitu kimoja: mtoto aonyeshe anachoweza kufanya. Tatizo langu ni kwamba mtihani wa karatasi bado ndio unaoamua mtoto anakwenda wapi, na mwalimu mwenye akili timamu hufundisha kinachopimwa. Ndiyo maana nasisitiza kigari kiingie ndani ya kipindi cha hisabati, kwenye mada ya mzingo, na siyo Ijumaa jioni kwenye klabu ya watoto kumi waliochaguliwa.

Mashindano nayo yana heri yake. FIRST Global, mashindano ya roboti ya kimataifa yaliyoanza Washington mwaka 2017, hukaribisha timu moja kwa kila nchi, na timu za Afrika Mashariki zimekuwa zikienda. Hapa nyumbani Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, huwaita wanafunzi wa sekondari walete uchunguzi wao, na mwingi unahusu maji, mazao na magonjwa ya pale wanapoishi, bila roboti yoyote. Nawapenda wote. Ila timu ya watano inayopanda ndege haisemi lolote kuhusu watoto mia tisa waliobaki shuleni.

Kile kikundi cha 0.38 kilirudi asubuhi ya pili kuonyesha wenzao. Wakakiweka kigari kwenye saruji ile ile, wakawasha, kikageuka pungufu. Mvulana mmoja akaanza kugeuka kunitafuta. Yule msichana wa rula, ambaye zamu hiyo alikuwa wa bisibisi, alikuwa ameshachukua mita ya kupimia umeme mezani. Jana betri nne zilisoma volti 6.2. Akagusisha ncha mbili, akasubiri namba itulie: 5.4. Akalifungua daftari, chini ya ile namba nyekundu akapiga mstari, akaanza kuchora jedwali la safu mbili, volti upande mmoja na sekunde upande wa pili.